Mafunzo Niliyopata kwa Kumtazama James Bond

Filamu za James Bond zilizotengenezwa na kampuni ya Eon ni 25. Nilizitazama kwa kufuata miaka, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, na haya ndiyo niliyoyaona.

1. Jasusi huyu huokolewa kwa kushushwa chini. Star Wars ilipoiteka dunia mwaka 1977, haukupita muda Roger Moore, Bond wa wakati huo, naye akapelekwa angani katika Moonraker ya 1979. Ukishafika huko, unakwenda wapi tena? Wakamteremsha. Katika For Your Eyes Only ya 1981, Lotus yake ya kifahari inalipuka mapema kabisa, naye inabidi awakimbie maadui kwa Citroën 2CV, kigari cha manjano kinachoruka mabonde katikati ya mizeituni. Sehemu hiyo naipenda kuliko roketi zote. Mwaka 2002 walipotea tena, safari hii wakaleta gari lisiloonekana kwa macho. Filamu iliyofuata ilianza hadithi upya.

2. Adui hubadilika na habari za dunia. Mwaka 1989 alikuwa bosi wa dawa za kulevya. Mwaka 1995, Muungano wa Kisovieti ukiwa umeshavunjika, alikuwa jasusi mwenzake wa zamani.

3. Pigo lazima liume. Bond wa Sean Connery alikuwa akiua, anatupa mzaha, anaendelea na safari. Lakini katika Casino Royale ya 2006, Daniel Craig anapambana ngazini na Obanno, kiongozi wa waasi tuliyemwona kwanza Mbale, Uganda. Baada ya mauaji ananawa damu mbele ya kioo na kugugumia pombe. Baadaye anamkuta Vesper, mwanamke aliyekuwa naye, ameketi chini ya bomba la bafu, nguo mwilini, anatetemeka. Hasemi mengi. Anaketi kando yake, shati mwilini, wanalowa wote wawili. Kwangu hiyo ndiyo dakika bora ya mfululizo mzima.

4. Hata steringi hufa. Mwaka 1969 Tracy aliuawa siku ileile ya harusi yake na Bond. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Bond mwenyewe, na filamu ikafungwa kwa wimbo uleule wa Louis Armstrong uliopigwa katika ile ya 1969. Wapo wanaolalamika kwamba kifo hicho kiliuharibu mfululizo. Siwaungi mkono: mtu aliyeruhusiwa kuumia tangu 2006 alistahili pia kuruhusiwa kufa.