Ngozi na Moyo Wakati wa Kipupwe

Kila mwaka mvua za masika zikiisha, nchi ya Taita Taveta huingia katika majira ya kipupwe, nayo hudumu tangu Juni hata Agosti, na pengine hufika Septemba. Katika milima ya Dawida, pande za Wundanyi, Werugha na Mgange, ukungu uletwao na upepo wa kusi huweza kufunika mashamba hata saa nne za asubuhi. Kule chini, Voi na Maungu, ukungu ni haba, bali upepo mkavu huvuma na kuchukua vumbi jekundu. Hali za nchi hizi mbili ni mbalimbali, lakini malalamiko ya watu ni mamoja: ngozi hupauka, midomo hupasuka, nyayo hufanya magaga, na watoto hujikuna usiku. Zaidi ya hayo, wako watu ambao moyo wao huwa mzito siku hizo, wasipende kazi wala mazungumzo. Yafaa basi tujifunze sababu za mambo haya, na jinsi ya kuyatunza kwa vitu vipatikanavyo karibu.

KWA NINI NGOZI HUKAUKA

Ngozi ya mtu mzima wa afya ina maji ndani yake, nayo ina mafuta yake yenyewe yanayozuia maji hayo yasitoke upesi. Hewa ikiwa kavu huyanyonya maji ya ngozi, kama inyonyavyo maji ya nguo iliyoanikwa. Hiyo ndiyo sababu ya watu wa Voi.

Lakini msomaji atauliza, Je, watu wa milimani, ambao hewa yao imejaa unyevu, hukaukaje? Wundanyi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,400, na Voi kiasi cha mita 560 tu. Kwa hiyo Wundanyi huwa na baridi zaidi, kiasi cha nyuzi 5 za Sentigredi. Mtu aonaye baridi huoga maji ya moto sana, kisha huketi karibu na moto. Maji ya moto pamoja na sabuni kali huondoa mafuta ya ngozi, kama yaondoavyo mafuta ya sufuria. Tena hewa ya baridi ikipashwa moto nyumbani huwa na kiu, maana hewa ya moto huweza kuchukua maji mengi kuliko hewa ya baridi. Hivyo ngozi iliyokwisha kuvuliwa mafuta yake hunyang'anywa na maji yake pia.

MAFUTA HAYALETI MAJI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu hudhani ya kuwa mafuta huinywesha ngozi, na ya kuwa mafuta ya bei kubwa huinywesha zaidi. Sivyo. Kazi kubwa ya mafuta ni kufunika, kama kifuniko cha mtungi. Ukifunika mtungi mtupu, mtungi hubaki mtupu. Ukijipaka mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunika ukavu. Bali ukijipaka mara utokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, umeyafungia maji ndani.

Mafuta ya mgando, ambayo wengi huyaita Vaseline, hufanya kazi hiyo vizuri sana. Mwenye kuyatengeneza, Robert Chesebrough wa Marekani, aliona wachimbaji wa mafuta ya ardhini wakijipaka masazo mazito ya mitambo yao penye majeraha na mahali palipoungua. Akayasafisha, na mwaka 1872 akapewa hati ya serikali ya kuyamiliki. Watu wa pwani nao tangu zamani huchemsha tui hata wapate mafuta ya nazi ya kujipaka. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Ufilipino, ambamo watu 34 wenye ngozi kavu walipakwa, wengine mafuta ya nazi, wengine mafuta meupe yatokayo ardhini. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Basi mama asiye na fedha nyingi asione haya. Chupa ya mafuta ya nazi kutoka sokoni Voi yamtosha.

NAMNA YA KUFANYA

1. Oga maji ya uvuguvugu, wala usikae majini muda mrefu.

2. Sabuni ya kipande ya kufulia nguo iache kwa nguo. Tumia sabuni laini ya kuogea, na hasa kwapani, miguuni na sehemu za siri. Mikono na mapaja yasiyo na uchafu hayahitaji sabuni kila siku.

3. Jifute kwa kugusagusa taulo, usijisugue. Kisha jipake mafuta papo hapo, kabla dakika chache hazijapita.

4. Kwa magaga, lowesha miguu katika maji ya uvuguvugu jioni, sugua polepole kwa jiwe la kusugulia, paka mafuta ya mgando kwa wingi, kisha vaa soksi ulale nazo. Usikate magaga kwa wembe, maana jeraha la unyayo huingiza vijidudu, na kwa mgonjwa wa kisukari laweza kuleta hasara kubwa.

5. Midomo usiilambe. Mate hukauka upesi na kuiacha kavu kuliko kwanza. Ipake mafuta.

6. Mtoto mchanga apakwe mafuta yasiyo na manukato.

Mtoto akizidi kujikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, na ndugu zake wakijikuna pia, yaelekea huo ni upele, nao hautibiwi kwa mafuta. Apelekwe zahanati, na watu wote wa nyumba watibiwe pamoja. Vivyo hivyo ngozi ikitoa maji au usaha.

Tena jihadhari na krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zimeonekana kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, na nyingine zina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba. Anayezitumia ili aondoe mpauko hujitafutia ugonjwa.

MOYO ULIO MZITO

Katika nchi za kaskazini giza la majira ya baridi huwaletea watu wengi huzuni. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza ugonjwa huo, na jinsi taa kali ya asubuhi inavyowasaidia wagonjwa. Wenzetu waliohamia London huujua, kwa kuwa mwezi wa Desemba mchana wa huko hautimizi saa 8.

Kwetu sivyo. Voi iko karibu na Ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Nuru haijatukimbia, sisi ndio tunaojifungia ndani kwa ajili ya baridi. Basi dawa ya kwanza ni kutoka nje asubuhi hata kama kuna ukungu, kwa maana nuru ya nje yashinda sana nuru ya taa ya nyumbani. Tembea, fanya kazi ya shamba, mtembelee jirani, usiache kwenda kwenye chama au kwaya yako. Mzee akaaye peke yake apelekewe uji wa moto, na aliyeupeleka aketi naye kidogo.

Lakini huzuni ikidumu majuma mawili, mtu akakosa usingizi na hamu ya chakula, au akanena ya kuwa afadhali kufa, asiambiwe ni mvivu. Apelekwe hospitali upesi, wala asiachwe peke yake.

ONYO JUU YA JIKO LA MAKAA

Usilale na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mtu akizipata, atolewe nje mara moja apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali. Ota moto dirisha likiwa wazi, na kabla ya kulala litoe jiko nje. Blanketi la pili ni salama kuliko makaa.

Mambo haya yote hayataki fedha nyingi. Yataka maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo kwa wakati wake, nuru ya asubuhi na ujirani mwema. Haba na haba hujaza kibaba. Na atakayeanza mwezi wa Juni, kabla ngozi haijapasuka, atakuwa na kazi ndogo mwezi wa Agosti.