Maswali na Majibu: Nyumba Na. 1, Royal Crescent, Bath

1. Taja mahali, msanifu na enzi ya nyumba hii. (alama 3)
Ni nyumba ya kwanza katika safu ya nyumba 30 zilizojengwa kwa umbo la hilali mjini Bath, Uingereza, kati ya 1767 na 1774. Msanifu ni John Wood Mdogo. Enzi ni ya wafalme wanne walioitwa George, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830.

2. Eleza sifa za jiwe lililotumika. (alama 4)
Ni jiwe la chokaa lenye rangi ya asali. Likitoka machimboni huwa laini, hukatika kwa msumeno. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Fundi hulilaza ukutani vilevile lilivyolala ardhini. Akilisimamisha, mvua na baridi kali hulibandua tabaka kwa tabaka.

3. Uso wa nyumba umegawanywa vipi? (alama 4)
Ghorofa ya chini haina mapambo mengi; kazi yake ni kuwa msingi wa mwonekano wa nyumba. Juu yake husimama nguzo za mtindo wa Ioniki, kila moja ikipita ghorofa mbili. Safu nzima ina nguzo 114. Madirisha marefu zaidi yako ghorofa ya kwanza, penye sebule za kupokelea wageni. Jiko na watumishi walikuwa na sehemu yao pembeni.

4. Kwa nini mbele zinafanana lakini nyuma hazifanani? (alama 3)
Wood alichora uso mmoja kwa wote. Waliochukua viwanja walilazimika kuufuata, ila nyuma ya uso huo kila mmoja alijenga kwa mahitaji yake. Kwa hiyo mbele utaona kasri moja. Nyuma, paa na kuta za kila namna.

5. Fafanua madirisha yake. (alama 4)
Ni fremu mbili za mbao zinazopanda na kushuka kwa kamba na vizito vilivyofichwa ndani ya miimo. Vioo ni vidogovidogo, kwa kuwa kutengeneza kioo kikubwa kulikuwa kazi ngumu na ghali. Karne ya 19, wenye nyumba wengi walishusha vizingiti vya madirisha ya ghorofa ya kwanza. Katika Na. 1, ambayo sasa ni makumbusho, madirisha hayo yamerudishwa kwenye kimo chake cha awali.

6. “Uzuri wa nyumba hii unatokana na mapambo.” Jadili. (alama 5)
Kauli hii si sahihi. Ukiziacha nguzo, mapambo ni machache. Uzuri unatokana na vipimo: kimo cha dirisha kwa upana wake, nafasi kati ya nguzo na nguzo, na mstari wa paa usiokatika toka nyumba ya kwanza hadi ya 30. Ndiyo maana mwenye nyumba akishusha kizingiti kimoja tu, anaharibu safu nzima. Anayestahili alama zote ataeleza hivi: kuhifadhi nyumba hii ni kulinda vipimo vyake, pamoja na mapatano ya majirani 30 ya kuviheshimu.