TUHESABU LEO ILI TUJUE KESHO
Somo kwa vikundi vinavyoishi kando ya mbuga



Wapendwa wanavikundi, mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi wetu huwaachia watu wa serikali, yaani kukadiria tutakuwa watu wangapi miaka ijayo. Sisi tunaopakana na mbuga tunalihitaji kuliko wengine, maana mpaka wa mbuga hausogei, lakini watu wanaongezeka.

Tuchukue mfano wa Taita Taveta. Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, zinachukua kama asilimia 62 ya eneo lote. Sehemu iliyobaki wanagawana wakulima, ranchi, mashamba ya mkonge na misitu ya milimani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 284,657, na ile ya 2019 watu 340,671. Hilo ni ongezeko la karibu watu 20 kwa kila 100 waliokuwepo. Mwendo huo ukiendelea, 2029 watakuwa kama 408,000.

Ukigawanya watu hao wa 2019 kwa eneo lote, unapata watu 20 kwa kilomita ya mraba. Lakini ukiondoa mbuga, wanazidi 50. Ndiyo sababu mgeni husema nchi ni tupu, huku mwenyeji anahangaika kugawia watoto watano ekari mbili.

Angalieni neno "ukiendelea". Makadirio si unabii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulionyesha 3.4. Mwendo hubadilika, kwa hivyo mwenye busara hakadirii njia moja tu.

HESABU YA KIJIJI

Hii mnaweza kuifanya wenyewe kwa daftari na kalamu. Pitieni nyumba kwa nyumba pamoja na mzee wa kijiji, muulize mambo matano: watu wangapi wanaishi hapa, na katika miezi 12 iliyopita wangapi wamezaliwa, wangapi wamefariki, wangapi wamehamia, wangapi wamehama. Kisha chukueni watu waliokuwepo mwaka ulipoanza, ongezeni waliozaliwa na waliohamia, mtoe waliofariki na waliohama.

Tuseme kijiji kilianza na watu 800. Wamezaliwa 24, wamefariki 6, wamehamia 10, wamehama 16. Wameongezeka 12, yaani moja na nusu kwa kila 100. Sasa tuangalie miaka 10 mbele kwa njia tatu:

1. Mwendo ukibaki hivyo hivyo, watakuwa kama 930.
2. Vijana wakikosa kazi mjini na wasihame tena, watakuwa kama 1,130.
3. Ukame na ndovu vikifukuza watu, wakahama 28 kila mwaka, watabaki 800 wale wale.

Hebu tusidanganyike na njia ya tatu. Idadi haikubadilika, lakini ni akina nani wameondoka? Mara nyingi ni vijana. Wanabaki wazee na watoto, na shamba linakosa mikono ya kulima wala ya kulilinda usiku. Kwa hivyo andikeni umri pia, sio idadi peke yake.

FAIDA YAKE NI NINI?

Kwanza ni maji. Kila mtu akitumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, watu 800 wanahitaji lita 16,000 na watu 1,130 wanahitaji lita 22,600. Tangi likijengwa kwa hesabu ya leo, foleni itarudi kabla halijazeeka.

Pili ni ardhi. Familia inayojua idadi ya warithi wake, wasichana kwa wavulana, itazungumza mapema juu ya ufundi, nyuki au kuku, badala ya kungoja ugomvi baada ya mazishi.

Tatu ni sauti yetu. Wengine wanaogopa wakisema, "Tukijihesabu tutahamishwa." Tunaelewa hofu hiyo. Lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka wananchi washirikishwe katika mipango ya hifadhi, na anayekwenda barazani bila hesabu huhesabiwa na wengine. Kikundi chenye daftari kinaweza kuonyesha wapi pa kuweka uzio, wapi pa kuachia ndovu njia, na wapi watoto wanapita kwenda shule.

Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Nasi tuanze wakati shibe ipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu ni nani wanahama, na kwa nini?
2. Kati ya njia tatu, ipi inafanana na yetu?
3. Maji na madarasa tuliyo nayo yatatosha watu wangapi?
4. Nani atatunza daftari, na lini tutahesabu tena?