Harufu ya Gesi Jikoni: Mpangilio wa Kuchukua Hatua

Gesi ya mitungi inayotumika majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, na kwa asili yake haina harufu wala rangi. Harufu kali anayoisikia mtumiaji, ile inayofanana na yai lililooza, hutiwa kwa makusudi. Wengi hudhani kuwa harufu ndiyo gesi yenyewe. Ukweli ni kwamba harufu ni kengele, na kengele hiyo imepangwa ilie mapema, wakati gesi iliyomo hewani bado ni kidogo mno kuweza kushika moto.

Utaratibu huo ulienea baada ya msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia isiyokuwa na harufu ilivuja chini ya jengo la shule bila mtu yeyote kutambua. Cheche moja ilitosha. Watu wapatao 300, wengi wao wanafunzi, walipoteza maisha. Baada ya tukio hilo sheria za kutia harufu katika gesi zilianza kutungwa, na leo mtungi unaouzwa katika duka la Lamadi au Bariadi unabeba kengele ileile.

Somo hili linamhusu mtumiaji wa Mkula, mkoani Simiyu, na wa maeneo yanayofanana na Mkula, ambako mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake umeingia katika kaya nyingi kwa mara ya kwanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, katika kaya nyingi gesi haijaondoa kuni wala mkaa, bali imeongezwa juu yake. Chai ya asubuhi huchemshwa kwa gesi, maharage yakawekwa kwenye jiko la mkaa hatua mbili kutoka hapo. Kwa maoni ya mwandishi, ujirani huo wa mtungi na makaa ndiyo hatari inayostahili kuzungumzwa zaidi ya zote, na huzungumzwa kidogo.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa takriban mara mbili. Inapovuja haipandi darini. Hushuka sakafuni, ikatambaa na kujaa mahali pa chini kama maji. Jiko la kawaida la kijijini lina dirisha dogo lililo juu na mlango wenye kizingiti kilichoinuliwa ili kuzuia maji ya mvua. Moshi wa kuni hutoka vizuri katika jengo la namna hiyo. Gesi hunaswa ndani yake. Hushika moto inapofikia takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, gesi ya takriban kilo moja, yaani sehemu ya sita ya mtungi mdogo, yatosha kukifikisha chumba kizima katika kiwango hicho. Na kwa kuwa hutuama, tabaka la chini hufika huko mapema zaidi, palepale yalipo makaa, na palepale wanapolala watoto juu ya mkeka iwapo jiko na chumba cha kulala vimeungana.

Kwa hiyo, usikiapo harufu, jambo la kwanza si kutafuta inakotoka. Ikiwa kitufe cha kichomeo kipo karibu nawe, kizungushe kukifunga. Waamuru wote watoke nje, wakianza waliolala. Usiwashe taa ya umeme, na ikiwa inawaka usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Vivyo hivyo kwa kurunzi na simu: piga ukiwa nje, mbali na mlango. Ikiwa kuna jiko la mkaa lenye moto katika chumba hichohicho, usirudi kulitoa wala kulimwagia maji. Ondoka na uwazuie wengine wasikaribie. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini gari la zimamoto lina safari ndefu hadi kijijini, kwa hiyo usalama wa dakika za mwanzo umo mikononi mwa waliopo.

Kama hakuna moto wowote ndani, fungua mlango wazi kabisa, kisha mtungi utolewe ukiwa umesimama wima na kuwekwa kivulini, mahali penye upepo, mbali na moto wa jirani. Katika msimu wa pamba uwe mbali pia na chumba yanakohifadhiwa mavuno yanayosubiri kupelekwa kwenye chama cha msingi. Pamba iliyorundikwa haihitaji zaidi ya cheche. Mlango uachwe wazi hadi harufu iishe kabisa, na sakafu ipepewe kwa ungo au kanga kuelekea nje. Huenda ndugu aliyeko Dar es Salaam atakushauri kwa simu ufungue madirisha ya juu. Ushauri huo unafaa kwa gesi asilia inayofika kwa mabomba katika baadhi ya nyumba za huko, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Kwa mtungi wako, mlango una kazi kubwa kuliko dirisha.

Baada ya hapo ndipo kasoro itafutwe, na itafutwe nje. Iko desturi ya kupitisha kiberiti kwenye kiungo ili kuona kama panavuja. Desturi hiyo ikomeshwe. Changanya maji na sabuni ya unga, upake penye viungo, uangalie mapovu yanayokua. Kwa mtungi wa kilo 6, anza mahali kichomeo kinapokutana na mdomo wa mtungi. Hapo pana mpira mdogo wa duara, ambao hukauka, hupasuka, na mara nyingine hubaki kwenye mtungi wa zamani uliorudishwa dukani. Uvujaji wa mahali hapo hauzuiwi na kitufe, kwa kuwa kitufe kiko juu yake. Kifungue kichomeo ukiwa papo hapo nje: katika mitungi mingi ya aina hii valvu iliyo mdomoni hujifunga yenyewe. Ikiendelea kutoa mapovu hata baada ya kichomeo kuondolewa, kasoro ni ya mtungi, na hiyo si kazi ya kujaribu kuirekebisha nyumbani. Kwa mtungi mkubwa, kagua regyuleta na ncha mbili za mpira wake, pia sehemu zilizotafunwa na panya. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Haufungwi kwa utepe.

Pua nayo ina udhaifu wake. Ikikaa na harufu kwa muda huizoea, hata aliyemo ndani akadhani gesi imekwisha ilhali mgeni anayeingia anaisikia mara moja. Mwamini mgeni. Katika nyumba inayoanika dagaa wa Ziwa Victoria, harufu mbili huweza kuchanganyika. Sabuni huondoa shaka. Na mtungi unaokaribia kwisha huweza kunuka zaidi unapopika, kwa sababu kemikali ya harufu hubaki kwa wingi katika gesi ya mwisho. Hilo si sababu ya kuacha kupima.

Kasoro nyingine huanzia njiani. Mtungi uliolazwa juu ya bodaboda katika jua kali hufika ukiwa na joto, na valvu yake imegongwagongwa. Usafirishwe wima na kufungwa imara. Dukani, kagua lakiri, omba mtungi uwekwe kwenye mizani, na ulinganishe uzito huo na uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Tofauti inapaswa kuwa kilo 6 kamili. Mtungi uliojazwa kienyeji kutoka mtungi mkubwa mara nyingi hubainika hapo kwanza, kwa uzito pungufu au lakiri iliyochezewa, kabla haujabainika jikoni kwa harufu.

Mtungi unaovuja urudishwe kwa muuzaji ukiwa na kifuniko chake, pamoja na risiti. Muuzaji akikataa kuupokea, andika jina la duka, tarehe, aina ya mtungi na namba iliyopo juu yake, kisha wasilisha malalamiko EWURA, ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza. Wakati wa kusubiri majibu, mtungi huo usiingizwe tena ndani, hata kwa usiku mmoja.