Shimesikio: Kuchagua, Kutumia na Kutunza

Katika kaya nyingi, mzee anayepoteza usikivu huachwa taratibu nje ya mazungumzo. Wanaomzunguka huchoka kurudia maneno, naye huona haya kuuliza mara ya tatu. Mtoto asiyesikia vizuri naye huhesabiwa mtoro wa mawazo darasani, ilhali sauti ya mwalimu haimfikii. Wote wawili wanaweza kusaidiwa na shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Wakazi wa Kata ya Ngujini wanakumbushwa mambo ya msingi yafuatayo.

Uchunguzi kwanza

Si kila anayesikia kwa shida anahitaji kifaa. Huenda sikio limezibwa na nta, au linatoka usaha unaohitaji dawa. Kwa hiyo safari huanzia zahanati au kituo cha afya, si dukani. Njiti na mafuta ya kupikia visitiwe sikioni kamwe. Tatizo likiendelea, mgonjwa hupewa rufaa. Mjini Moshi, Hospitali ya KCMC ina huduma za masikio, pua na koo. Kila sikio hupimwa peke yake, na matokeo ya kipimo ndiyo huongoza namna kifaa kitakavyorekebishwa. Vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo havikurekebishwa kwa sikio la mtu fulani, na sauti ikizidi huweza kuliumiza.

Kuchagua

Kifaa kinachokaa nyuma ya sikio ni imara, hushikika kwa urahisi, na huwafaa watoto na wazee wenye vidole vizito. Kile kinachoingia ndani ya sikio hakionekani sana, lakini ni kidogo na huzibwa na nta upesi. Mtoto hubadilishiwa kizibo cha sikio kadiri anavyokua. Kabla ya kulipa, familia iulize: betri hupatikana wapi na kwa bei gani? Nani atakirekebisha kikiharibika? Kifaa cha kuchaji kinahitaji umeme wa uhakika nyumbani.

Kutumia

Siku za mwanzo, mvaaji akivae saa chache ndani ya nyumba tulivu, kisha aongeze muda. Sauti za sahani na nyayo zitamshtua. Ubongo huzizoea polepole. Kifaa hakirudishi usikivu wa ujanani. Hivyo msemaji amkabili mzee, aseme taratibu, wala asipige kelele. Kikipiga mluzi, mara nyingi kizibo hakijakaa sawa au sikio lina nta.

Kutunza

Adui mkubwa wa kifaa ni unyevu, na milimani Upare ukungu na mvua za masika ni jambo la kawaida. Kivuliwe wakati wa kuoga na kulala, kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi usiku, na kihifadhiwe katika kopo kavu lenye mfuniko. Kizibo cha kifaa cha nyuma ya sikio huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni baada ya kutenganishwa na kifaa, kisha hukaushwa kabisa. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji.

Betri ndogo hutambulika kwa namba na rangi ya karatasi yake: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Karatasi ikibanduliwa, hewa huiamsha betri, nayo huanza kuisha hata isipotumika. Isibanduliwe kabla ya siku ya matumizi. Iachwe dakika chache ndipo itiwe kwenye kifaa. Betri ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Kifaa kilichofungiwa kabatini hakimsaidii mtu. Kikimsumbua mvaaji, kirudishwe kwa mtaalamu kirekebishwe. Na mzazi anayemwona mtoto haitiki anapoitwa kutoka nyuma, ampeleke kupimwa mapema, kwa maana lugha hujengwa katika miaka ya kwanza ya maisha.