Dondoo muhimu: Kumtambua kantangaze kwa picha
Nondo wa kantangaze, adui wa nyanya aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu na anafanana mno na nondo wa viazi. Mpige picha kwa juu na kwa ubavu, rula ikiwa kando, kivulini. Flashi hufifisha madoa ya mabawa. Vipapasio vionekane vizuri: vina pete za rangi iliyokoza na hafifu zinazopishana. Usisahau jani lenyewe, hasa yale mabaka angavu yaliyoliwa ndani kwa ndani, yenye vinyesi vyeusi. Andika zao, mahali na tarehe. Lakini picha pekee haithibitishi. Wataalamu huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Mhifadhi nondo kwenye kiboksi kikavu cha kiberiti, umpelekee afisa ugani.