Kumtaja mwenye kazi si ruhusa

SWALI: Mimi ni shabiki wa kikundi cha vichekesho kinachorusha tamthilia zake YouTube. Huzipakua na kuzipandisha kwenye chaneli yangu, nikiandika jina lao chini. Simtozi mtu hata senti. Je, nakosea?

JIBU: Ndiyo, unakosea, ingawa nia yako ni njema. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka ya kuamua nani ainakili na kuisambaza. Kenya nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kutaja jina lao ni adabu tu, na kutotoza pesa hakugeuzi kazi yao kuwa yako.

Unawaumiza pia mfukoni. Ili chaneli ya video ndefu igawiwe mapato ya matangazo, YouTube hutaka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa zinazotazamwa kwako hazihesabiwi kwao. Nawe ukipata maonyo 3 ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli yako inaweza kufungwa.

Ukitaka kuwasaidia, sambaza kiungo cha video yao kwenye WhatsApp, jiunge na chaneli yao na uwaachie maoni. Kama ni lazima upandishe kipande, omba kwanza ruhusa kwa maandishi. Wakikataa au wakinyamaza, usipandishe. Na zile ulizokwisha kupandisha, zifute leo.